"Mgawanyiko Usio Sawa" wa Seli: Istilahi Ipotoshayo

Miongoni mwa istilahi za biolojia zinazohitaji kutazamwa upya ni hii ya "mgawanyiko usio sawa wa seli". Tulipozuru Singida Mjini kukusanya maoni ya walimu juu ya istilahi za sayansi, tuliikuta imeandikwa ubaoni. Tukawauliza wanafunzi maana yake. Wengi walijibu kwamba seli moja hupata kromosomu nyingi na nyingine chache. Mmoja akasema ni ugonjwa. Majibu hayo si sahihi, lakini hatukuona sababu ya kuwalaumu: ndivyo istilahi yenyewe isemavyo.

Hebu tulitazame ua la alizeti, zao lililoenea mkoani humo. Chembe changa ya chavua hugawanyika ikatoa seli mbili: moja kubwa, ambayo baadaye hukuza mrija wa chavua, na nyingine ndogo, ambayo hugawanyika tena zikapatikana seli mbili za kiume. Idadi ya kromosomu katika seli zile mbili za kwanza ni ile ile. Kinachotofautiana ni ukubwa na, zaidi ya hayo, kazi inayoingojea kila moja. Mwaka 1992 wataalamu wa Marekani, H. Robert Horvitz na Ira Herskowitz, waliufafanua mgawanyiko wa namna hii kwa kutazama hatima ya seli ndugu, wala si ukubwa wake peke yake.

Kosa la kwanza, basi, limo katika neno "sawa". Neno hilo lina maana ya ulingano, na pia usahihi. Kwa hiyo "usio sawa" humwelekeza msikilizaji kwenye hitilafu. Na hitilafu hiyo ipo kweli: kromosomu zisipogawanywa ipasavyo, mtoto aweza kuzaliwa na kromosomu 47 badala ya 46. Mambo mawili yaliyo mbali hivi hayafai kuitwa kwa jina moja.

Wako wasemao "mgawanyiko usio na ulinganifu". Hili ni afadhali, ila laeleza umbo na kuiacha hatima; tena laeleza jambo kwa kulikanusha. "Mgawanyiko wa kiasimetri" nalo halipotoshi, lakini halimfundishi kitu asiyejua asimetri.

Sisi twapendekeza "mgawanyiko tofautishi", yaani mgawanyiko uzifanyao seli ndugu zitofautiane. Umbo lake ni la kawaida, kama "patanishi" na "tambulishi". Huenda akatokea wa kupinga kwamba laweza kuchanganywa na kule kutofautika kwa seli zinapokomaa. Pingamizi hilo lina uzito. Ndiyo maana twalitoa kama pendekezo tu.

Walimu na watu wa maabara watuandikie. Istilahi haithibitiki mezani petu, bali huthibitika pale mwanafunzi anapoisikia akaielewa.