Gawio la Kwale: Miaka kumi ya kusubiri

Hisa ya kampuni ndogo ya utafutaji madini ikiuzwa kwa senti chache, wengi huinunua wakiwa na swali moja: gawio litatoka lini? Jibu halimo kwenye ramani za wajiolojia. Limo kwenye foleni ya wanaodai fedha za kampuni, na katika foleni hiyo mwanahisa husimama nyuma kabisa. Mfano ulio karibu nasi ni wa Base Resources, kampuni ya Perth, Australia, iliyochimba mchanga wa Kwale, kusini mwa Mombasa.

Madini ya Kwale hayakugunduliwa na Base. Tiomin ya Kanada ilianza kuyafanyia utafiti miaka ya 1990: ilmenaiti na rutaili, ambazo hutengenezewa rangi nyeupe ya viwandani, pamoja na zirkoni inayotumika kwenye vigae. Leseni ya kuchimba ilipatikana mwaka 2004, lakini mradi ukakwama kwenye fidia za ardhi na uhaba wa mtaji. Tani zilijulikana na ubora ulipimwa, ila hakuna meli iliyopakia, na mwanahisa hakupata gawio lolote kutokana na mchanga huo. Madini yaliyo ardhini hayalipi gawio. Kinacholipa ni fedha taslimu iliyobaki baada ya mauzo.

Base iliununua mradi mwaka 2010. Kujenga mgodi, mtambo na ghala la kupakilia meli Likoni kuligharimu zaidi ya dola milioni 300 za Marekani, na kampuni haikuwa na mgodi mwingine wa kuilisha. Fedha zilitoka kwenye milango miwili: kuuza hisa mpya na kukopa. Kila mlango una athari yake kwa gawio. Hisa mpya hupunguza fungu la kila aliyetangulia, hivyo kufikia mwaka 2020 gawio lolote lilipaswa kukatwa vipande zaidi ya bilioni 1.1. Mkopo nao huiweka benki mbele ya mwanahisa, na kwa kawaida mikataba ya mikopo ya ujenzi wa migodi huzuia fedha kwenda kwa wenye hisa kabla masharti ya mkopeshaji hayajatimizwa.

Shehena ya kwanza iliondoka Likoni Februari 2014, wakati mbaya kibiashara. Bei za madini ya titani zilizopaa mwaka 2011 na 2012 zilikuwa zimeshuka. Mgodi ukawa unauza, meli zinapakia, na bado mwanahisa hakulipwa kwa zaidi ya miaka sita.

Hapa ndipo ustadi wa wasimamizi ulipoonekana. Walianza na kilima cha kati, chenye mchanga uliobeba madini mengi zaidi kwa kila tani. Gharama ya kusomba na kuosha tani ya mchanga tajiri haitofautiani sana na ile ya mchanga maskini, hivyo kuanza na tajiri huleta fedha nyingi mapema, wakati riba inauma zaidi. Kufikia mwaka 2019 mkopo wa ujenzi wa Kwale ulikuwa umelipwa, na uchimbaji ukahamia kilima cha kusini, chenye madini hafifu zaidi.

Kulikuwa na mdai mwingine kwenye foleni: mradi wa Toliara, Madagaska, ambao Base iliununua ili urithi nafasi ya Kwale. Novemba 2019 serikali ya Madagaska ikausimamisha. Kwa maoni yangu, kusimama huko kulichangia sana kufungua mkoba, kwa kuwa fedha ambazo zingeanza kumezwa na ujenzi zilibaki bila kazi ya haraka. Agosti 2020 kampuni ikatangaza gawio lake la kwanza: senti 3.5 za Australia kwa hisa. Mwenye hisa 10,000 alipata dola 350 za Australia, miaka kumi tangu mradi ununuliwe.

Magawio mengine yalifuata. Mwaka 2024 Energy Fuels ya Marekani iliinunua Base, na wanahisa wakapewa gawio maalumu la senti 6.5 pamoja na hisa za mnunuzi. Desemba mwaka huohuo uchimbaji Kwale ukafikia kikomo. Kwa hiyo magawio yale hayakuwa faida tupu. Sehemu yake ilikuwa mgodi wenyewe ukirudishwa kwa wenyewe, kwani mchanga uliouzwa hauoti tena. Anayelinganisha gawio la mgodi na la benki au la kiwanda cha bia lazima akate hesabu hiyo kwanza.

Kabla ya kununua hisa ya mtafuta madini kwa ajili ya gawio, fungua taarifa ya mtiririko wa fedha. Je, kuna mauzo? Hisa zimeongezeka kiasi gani katika miaka mitano? Deni la ujenzi litaisha lini, na baada ya hapo mgodi utabakiwa na miaka mingapi? Kuna mradi mwingine unaosubiri fedha hizohizo? Kama jibu la swali la kwanza ni hapana, gawio liweke sifuri kwenye hesabu yako. Hisa hiyo bado inaweza kukufaidi ikipanda bei au kampuni ikinunuliwa, lakini huo ni uwekezaji wa aina nyingine, na fedha ya ada ya watoto haifai kuusubiri.