Chumba cha Oscar Wilde

Katika mji wa Paris, barabara iitwayo rue des Beaux-Arts, nambari 13, imo hoteli ndogo ya vyumba 20. Leo jina lake ni L'Hôtel. Zamani iliitwa Hôtel d'Alsace, nayo ilikuwa nyumba ya watu wasio na fedha. Humo ndimo alimofariki mwandishi Oscar Wilde, tarehe 30 Novemba 1900, akiwa na umri wa miaka 46.

Mwaka 2000 mpambaji Jacques Garcia aliitengeneza upya. Mgeni akisimama chini huona orofa zimeizunguka nafasi ya duara, moja juu ya nyingine, hata kwenye kuba. Na kazi hiyo yapendeza kweli. Chumba nambari 16 kimepewa jina la Wilde, na ukutani wamechorwa tausi wa kijani na dhahabu.

Sina ugomvi na tausi. Alikuwa alama ya wapenda uzuri wa enzi ile, na Wilde alikuwa msemaji wao. Lakini aliyeingia hapa hakuwa Wilde wa enzi hiyo. Mwaka 1895 alifungwa miaka miwili na kazi ngumu, kwa sheria ya Uingereza iliyowaadhibu wanaume wapendanao. Vitu vya nyumba yake vikapigwa mnada. Alipofunguliwa mwaka 1897 alivuka bahari, akajiita Sebastian Melmoth. Hata shairi lake juu ya gereza la Reading, mwaka 1898, halikutoka kwa jina lake bali kwa alama ya chumba chake cha kifungo: C.3.3. Mtu aliyeitwa kwa nambari, leo nambari yaitwa kwa jina lake!

Basi mapambo hayo yamemleta Wilde wa London na kumficha yule wa Paris. Kitu kimoja tu chamtaja: barua ya kumdai kodi, iliyotiwa katika fremu. Mgeni hulipa fedha nyingi alale kando ya deni ambalo marehemu aliliacha bila kulilipa.

Tena kuna habari ambayo tausi hawaisemi. Mwenye hoteli ile, Jules Dupoirier, alimgombolea Wilde mizigo yake iliyozuiliwa na hoteli nyingine, akampa chumba, wala hakumfukuza alipougua. Laiti mpambaji angalimwachia Dupoirier japo ukuta mmoja.