Mwaka Wangu na Vitabu

Nina desturi ambayo huenda ukaiona ya kitoto. Kila nimalizapo kitabu, huandika jina lake katika daftari dogo lenye jalada jekundu, na kando ya jina huweka hukumu yangu kwa maneno mawili au matatu. Mwaka uliopita niliandika majina 31. Nilipolifungua daftari hilo katika likizo ya Desemba, kwa nia ya kujipongeza, niliona kwamba kitabu kimoja nimekiandikia hukumu mbili zisizopatana. Kitabu chenyewe ni Kusadikika cha Shaaban Robert, na habari ya hukumu hizo mbili ndiyo nitakayo kukueleza.

Vingine nitavipitia upesi. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960, nilikisoma kwa siku mbili nikiwa kitandani na homa, wala sijui kama dawa ilinifaa zaidi kuliko Bwana Msa na kiko chake. Pale ambapo wenzake huona mzimu, yeye huona kazi ya mkono wa mtu. Rosa Mistika cha Kezilahabi, cha mwaka 1971, nilikirudia kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu nilimkasirikia Zakaria, baba adhaniaye kwamba fimbo yaweza kufanya kazi ya mazungumzo. Siku Njema cha Ken Walibora, cha mwaka 1996, utakisoma bila kuhimizwa na mtu, kwa hiyo sina haja ya kukisifu. Vilikuwako pia vitabu vitano au sita vilivyonishinda katikati. Hivyo sikuviandika daftarini, na mwenye kuona kosa na aone.

Sasa na turudi Kusadikika. Hiyo ni nchi iliyo angani, na humo Karama ashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kutaka kuwafundisha watu sheria. Katika kujitetea hasemi mengi juu ya nafsi yake. Asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, na mbinguni, na ardhini, ambao walirudi na mambo ya kuifaa nchi yao, ujira wao ukawa kifungo. Mwisho Karama ashinda, na wafungwa wafunguliwa. Kitabu kilichapishwa mwaka 1951, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza, na mwandishi alikuwa karani wa serikali hiyo hiyo. Si vigumu kutambua kwa nini aliipeleka nchi yake angani.

Hukumu yangu ya kwanza, ya mwezi wa Februari, yasema: "Ushindi wa ukweli." Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyofundisha kwa miaka minane katika chuo cha ualimu.

Mwezi wa Juni mwanachuo mmoja, kijana mpole asiyezoea kuinua sauti, aliandika barua juu ya chakula cha wanachuo na fedha walizokuwa wakilipa kwa ajili yake, akaibandika ukutani. Aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu, ambayo katibu wake nilikuwa mimi. Alipewa dakika tano ajieleze. Alitumia tatu, kwa maana alikatizwa mara mbili. Nilijua kwamba mengi aliyoyaandika yalikuwa kweli, kwani maharagwe yale mimi pia niliyaonja. Sikunena neno. Niliandika kumbukumbu za mkutano kwa mwandiko safi, nikatia sahihi, naye akarudishwa kwao mpaka muhula uishe.

Asubuhi yake nilikuwa na kipindi cha fasihi, na kitabu kilikuwa Kusadikika. Msichana mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, wale madiwani wengine, ukimwacha Majivuno, walikuwa wakifikiri nini muda huo wote?" Hakukusudia kunichoma, alitaka kujua tu. Nilimjibu kwamba kitabu hakisemi, tukaendelea na tamathali za usemi.

Jibu langu halikuwa la uongo, na hapo ndipo nionapo upungufu wa kitabu. Majivuno amekwisha kuhukumiwa na jina lake kabla hajafungua kinywa. Karama naye amekwisha kutakaswa na lake. Kati yao limekaa baraza kama ukuta. Nilikisoma tena kitabu chote nikimtafuta diwani mmoja ajuaye ukweli na kuumeza, wala sikumpata. Majina yenye maana ni pambo zuri, na Shaaban Robert alilipenda mno, lakini lina gharama yake. Mtu aitwaye Majivuno hanihusu. Naweza kumlaani toka mwanzo hata mwisho nisijione mwenyewe. Lau mwandishi angaliweka pembeni mwa baraza lile mtu mmoja asiye na jina, ameinama na kalamu yake, nadhani ningalikifunga kitabu kwa aibu miaka mingi nyuma. Usiku ule niliandika daftarini hukumu ya pili: "Na madiwani je?"

Tena kuna hili. Karama asimulia visa sita, kimoja baada ya kingine, na baraza lamsikiliza. Hilo nalo nililihesabu kuwa udhaifu. Siku hizi sina hakika. Yamkini mwandishi alijua vema kwamba baraza lenye masikio ni jambo gumu kusadiki kuliko nchi ielekayo angani, akaliweka makusudi mbele ya wakubwa wa zama zake. Ikiwa ndivyo, basi jina la kitabu lina uchungu ambao sikupata kuuonja hapo kwanza.

Mwezi wa Agosti nilisoma Sauti ya Dhiki. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa toka mwaka 1969 hata 1972 kwa sababu ya waraka uliouliza Kenya inakwenda wapi. Mashairi haya aliyatunga gerezani, akayaandika katika karatasi za chooni. Yalitoka kitabuni mwaka 1973, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Lugha yake ni Kimvita, na mwanafunzi wa bara atajikwaa mara kwa mara. Nakushauri uyasome kwa sauti. Sikio litaelewa kabla ya jicho. Hapa hapana nchi ya angani wala majina ya kujifichia. Asemaye ni "mimi", na katika shairi la "Siwati" huyo "mimi" akataa kuuacha msimamo wake.

Hata hivyo si shairi hilo lililonikalisha macho, bali lile la mnazi. Ndugu wawili wagombania mti, na mtunzi ampa kila mmoja beti zake, ajibu na ajibiwe. Nilipolimaliza nililiweka kando nikahesabu. Mfungwa, katika karatasi ya chooni, alimpa mpinzani wake nafasi ya kusema kubwa kuliko ile ambayo kamati yetu, yenye meza na viti na chai, ilimpa kijana yule. Lugha yetu ina ajabu zake: mshauri wa baraza twamwita diwani, na mkusanyo wa mashairi twauita diwani pia.

Kijana alirudi muhula wa tatu. Siku moja alikuja ofisini kwangu kuazima kitabu cho chote. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumwambia, nayo yalikuwa machache. Nilimpa Sauti ya Dhiki, nikamwagiza aisome kwa sauti. Maneno yale mengine hayakutoka. Kitabu hakijarudi mpaka leo, nami sijakidai.