Sabuni Iliyolala

Maduka ya kemikali ya River Road na mitaa inayoizunguka hayana madoido. Mlangoni kuna mapipa ya plastiki ya bluu, ndani kuna mizani, na nyuma ya kaunta kuna kijana anayejua bila kuuliza kwamba mama aliyesimama mbele yake na ndoo tupu amefuata vifaa vya sabuni ya maji, lita 20. Atampimia kilo moja ya ungerol, chupa ya ufacid, CDE kidogo, magadi ya unga, chumvi ya viwandani, rangi na manukato. Vingine vyote vitaingia kwenye mfuko mmoja. Ufacid, kwa kuwa ni asidi kali, itafungwa peke yake na kubanwa katikati ya miguu mpaka matatu ya 46 ifike Kawangware.

Ungerol na ufacid zilianza kama majina ya bidhaa za kiwanda cha Unger, mjini Fredrikstad, Norway; hapa Nairobi yamekuwa majina ya kila kitu cha aina hiyo, kitoke kokote. Magadi hayakusafiri sana. Ziwa Magadi lenyewe liko Kajiado, na kampuni inayoyavuna iliundwa mwaka 1911, wakati wa ukoloni. Chumvi nayo, sehemu kubwa ya ile inayotumika nchini huanikwa juani kutokana na maji ya bahari huko Gongoni na Marereni, kaskazini mwa Malindi.

Vifaa ni vilevile kwa kila mtu, na maelekezo hutolewa bure dukani. Lakini ukipita Kawangware, Kangemi na Uthiru ukanunua lita moja hapa na lita moja pale, utakuta sabuni hazifanani hata kidogo. Tofauti iko mkononi, na zaidi iko katika subira.

Tazama ungerol inapotoka kwenye mfuko. Ni nzito, nyeupe ya kufifia, inavutika kama ugali wa muhogo usioiva, na haitaki maji. Ukimwagia lita kumi kwa pupa inajikunja mabonge: nje utelezi, ndani pakavu, na mabonge hayo unaweza kuyafukuza na mwiko hadi jioni. Fundi anayejua kazi yake huanza na chumvi kidogo, anaikandia humo kwa mwiko mpaka ungerol ibadilike na kuwa nyeupe kabisa, ndipo anaongeza maji, lita moja, anakoroga mpaka yamezwe, kisha lita nyingine. Mkono unauma. Wengi hufundishwa kukoroga upande mmoja tu, kana kwamba sabuni ina dini. Kemia haijali upande; kinachodhuru ni mwiko unaopigapiga na kuingiza hewa, na pengine mwalimu wa kwanza wa kanuni hiyo alitaka tu wanafunzi watulie.

Ufacid hushughulikiwa pembeni, kwenye ndoo yake. Asidi ndiyo inayoingia kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Magadi yaliyoyeyushwa hufuata kidogo kidogo, na ndoo inachemka povu bila moto, kwa sababu asidi na magadi vinapokutana hutoa gesi ileile iliyomo kwenye soda. Anayemwaga yote kwa mara moja atafua sakafu yake. Povu likitulia, fundi huchovya kipande cha karatasi ya kupimia asidi na kulinganisha rangi. Nimeona watu wakiiruka hatua hii kwa kujiamini, wakitegemea ulimi au kidole. Karatasi ile ni ya bei ndogo, na ndiyo inayolinda ngozi ya mtu mwingine.

Mtu huyo mwingine, mara nyingi, ni mama fua. Kila asubuhi wanawake hutoka Kawangware na Kangemi kwa miguu kwenda Lavington na Kileleshwa, wengine wakikaa kando ya barabara kungoja kuitwa, na siku nzima mikono yao huwa ndani ya karai. Hakuna maabara inayowashinda kwa kupima sabuni. Mama fua anajua kama inateleza kwenye kola ya shati, kama inatoa udongo mwekundu wa Dagoretti kwenye soksi nyeupe za shule, kama inasuuzika kwa maji mara mbili au inataka mara nne, jambo ambalo si dogo mahali ambapo maji hununuliwa kwa mtungi. Na anajua inayochoma. Sabuni iliyobaki na magadi mengi hula mafuta ya ngozi kama inavyokula mafuta ya sahani, na kufikia Ijumaa vidole vimepasuka. Ndiyo maana anapofika kwa fundi haulizi bei kwanza.

“Mama, hii ni ile ya juzi?”

“Ni ileile. Lete chupa.”

Tukirudi kwenye ndoo, ungerol na ufacid zikishaunganishwa na CDE ikaingia ili povu lisizimike haraka, inabaki chumvi ya mwisho, na hapo ndipo fundi hujulikana. Chumvi ndiyo inayoifanya sabuni iwe nzito. Kikombe cha kwanza cha maji ya chumvi hakionyeshi kitu. Cha pili, mwiko unaanza kulemewa. Cha tatu, sabuni inashuka kutoka kwenye mwiko kwa uzi mrefu usiokatika, na macho ya mteja yangeishia hapo kwa furaha. Lakini uzito una kilele chake. Ukipita kilele hicho kwa vijiko vichache, sabuni inaachia na kurudi kuwa maji, na hapo hakuna chumvi itakayoirudisha. Kilele chenyewe hakikai mahali pamoja: mwezi Julai, usiku wa Uthiru ukishuka hadi nyuzi 10 au 12, sabuni hujikaza na kuingia ukungu kwa chumvi ambayo mwezi Februari ingekuwa ya kiasi. Fundi mwenye akili hupunguza mkono msimu wa baridi. Hilo halijaandikwa kwenye karatasi ya dukani.

Ubaya wa uzito ni kwamba unaonekana. Sabuni yenye ungerol nusu inaweza kuongezewa chumvi mpaka ikasimama vizuri kwenye chupa, na mnunuzi akaondoka ameridhika hadi atakapofua. Mimi namheshimu fundi anayeuza sabuni nyepesi kidogo yenye kazi, hata akipoteza wateja wa macho. Shirika la Viwango, KEBS, lina alama yake ya ubora, na taasisi ya utafiti wa viwanda, KIRDI, hufundisha watengenezaji wadogo. Zote ziko Barabara ya Popo, South C, ng’ambo ya pili ya mji kutoka Kangemi. Wanaofika huko ni wachache kuliko wanaokoroga.

Manukato huingia mwisho, na baada yake hakuna kazi nyingine ila kufunika na kulala. Jioni ndoo inaonekana kujaa pomoni, imepauka kwa povu. Asubuhi povu limeshuka, rangi ya kijani imeng’aa, unaona hadi chini, na kipimo kimepungua vidole kadhaa. Aliyeuza jana jioni aliuza hewa. Kwa hiyo ukienda kununua, uliza imekorogwa lini. Ukiambiwa ni leo asubuhi na bado ni nyeupe, acha chupa yako hapo na urudi kesho.