Uhuru Juu ya Mto Mara

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru wake, roketi aina ya Scout iliruka kutoka San Marco, jukwaa ambalo Waitaliano wakiongozwa na Luigi Broglio walilisimika baharini karibu na Malindi. Ilibeba chombo chenye uzito wa kilo 140 hivi. Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyeusimamia mradi ule, akakipa jina la Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kupokea eksirei zitokazo mbali huko angani.

Njia yake iliifuata ikweta, ikipanda kaskazini na kushuka kusini kwa nyuzi 3 tu. Huku kwetu mkoani Mara, Tarime iko kusini ya ikweta kwa nyuzi 1 na ushee, na Mugumu inakaribia nyuzi 2. Basi kwa miaka miwili na miezi kadhaa chombo kile kilipita juu ya malisho ya Wakurya, juu ya mashamba ya Wangoreme na Waikoma, juu ya nyumbu wavukao mto Mara, takriban mara 14 kwa siku, kikiwa kilomita zaidi ya 500 juu ya vichwa vyetu. Naona ni haki jambo hili liingie katika historia ya wilaya zetu mbili, Tarime na Serengeti, kama yalivyoingia mambo mengine yaliyopita hapa bila kutua.

Ila ninachotaka kukisifu si chombo. Nausifu ufundi wa watu waliokaa wakipokea hesabu zake.

Mtu wa Tarime ana bahati ya anga. Akikesha nje mwaka mzima huziona karibu nyota zote zinazoonekana duniani, za kaskazini na za kusini. Lakini eksirei hazioni, wala hazimfikii, kwa kuwa angahewa huzifyonza zote kabla hazijagusa ardhi. Hiyo ni salama yetu, na ndiyo iliyowazuia wanaastronomia kwa muda mrefu. Tarehe 18 Juni 1962 mwanafizikia Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi iliyochungulia juu ya angahewa kwa muda usiofika dakika 6, kisha ikaanguka. Katika dakika hizo chache waligundua chanzo kikali cha eksirei katika kundi la Nge, lile lile ambalo jioni za Julai huning'inia juu ya Serengeti upande wa kusini. Uhuru ilikuja kuwapa miaka pale walipokuwa na dakika.

Nayo haikupiga picha. Ilikuwa na vipokezi viwili vilivyotazama pande zinazopingana, kila kimoja kimejaa gesi na kufungwa kwa madirisha membamba ya beriliamu. Chembe ya eksirei ikipenya, huzua mshtuko mdogo wa umeme ndani ya gesi, na mshtuko huo huhesabiwa. Mbele ya vipokezi kulikuwa na vizuizi vya metali vilivyoruhusu ukanda mwembamba tu wa anga uonekane kwa wakati mmoja. Setilaiti nzima ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, ikiupitisha ukanda ule juu ya anga. Kilichofika duniani kilikuwa namba: chembe kadhaa sasa, kadhaa sasa, nyingi zaidi sasa, kisha chache tena.

Kati ya namba hizo, nyingi ni za uongo. Anga imejaa chembe zenye chaji ya umeme ambazo nazo hugonga kipokezi zikajifanya eksirei. Juu ya Atlantiki ya kusini ukanda wa chembe hizo hushuka chini sana, na chombo kinachopita humo hufurika kelele. Kinachozunguka juu ya ikweta huukwepa ukanda huo kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana Malindi ilichaguliwa, na ndiyo maana njia ya Uhuru ilipita kwetu: hesabu safi zilihitaji anga la ikweta.

Namba zilichambuliwa katika kampuni ya American Science and Engineering, mjini Cambridge, Massachusetts. Mapema mwaka 1971 wachambuzi waliona kwamba chanzo kimoja katika kundi la Centaurus, jirani na Msalaba wa Kusini, kilikuwa kikidunda. Kila sekunde 4.84 eksirei zake ziliongezeka, zikapungua, zikaongezeka. Kinaitwa Centaurus X-3. Nalipenda sana jambo moja hapa: mahali kilipo chanzo hicho hapachomozi kamwe Massachusetts. Watu wale walikuwa wakikisoma kitu kilicho chini ya upeo wa macho yao siku zote, ilhali jioni za Mei sehemu hiyo ya anga husimama wazi juu ya vilima vya kusini mwa Tarime.

Kisha hesabu zikaanza kuleta taabu. Mdundo haukutulia, uliharakisha na kuchelewa kwa sehemu chache za elfu ya sekunde. Tena zipo nyakati chanzo kilipotea kabisa kwa karibu nusu siku, kikarudi kama kwamba hakukuwa na kitu. Ingekuwa rahisi kuilaumu saa ya chombo, au kuzitupa siku za giza na kubaki na siku nzuri. Mchungaji wa Kikurya anaposimama jioni kwenye mlango wa zizi, ng'ombe wakiingia, jicho lake haliwafuati waliopo. Hutafuta pengo, na pengo humwambia ni yupi na pengine yuko wapi. Ethan Schreier, mmoja wa wachambuzi wale, na wenzake waliyashughulikia mapengo vivyo hivyo. Walizipanga siku za kuonekana na za kupotea, wakaupanga mdundo unaoharakisha na unaochelewa, wakakuta vyote viwili vinajirudia kila baada ya siku 2.087.

Jibu lilikuwa moja kwa maswali yote mawili. Kitu kidogo na kizito mno, nyota nutroni, kilikuwa kikiizunguka nyota kubwa. Kikija upande wetu midundo husongana. Kikienda mbali hutawanyika. Kikipita nyuma ya nyota kubwa hufichwa. Gesi ya nyota kubwa humwagikia ile ndogo, ikachemka hata ikatoa eksirei. Waliyachapisha haya mwaka 1972, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameiona nyota yenyewe. Kupotea kwa nusu siku, ambako mtu mwenye haraka angekufuta, kuligeuka kuwa ushahidi mkuu.

Cygnus X-1, chanzo kingine cha eksirei, ilikuwa kinyume chake. Hiyo ilipepesa ovyo, bila mdundo, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Louise Webster na Paul Murdin kule Uingereza, na Tom Bolton kule Kanada, walipoipima nyota inayoandamana nayo waliona inazungushwa kila siku 5.6 na kitu kisichoonekana, kizito kupita nyota nutroni. Hapo shimo jeusi lilianza kuwa kitu cha kupimwa. Uhuru ilinyamaza Machi 1973. Orodha yake ya mwisho, iliyochapishwa mwaka 1978, ina vyanzo 339, na mwaka 2002 Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel.

Njia ya ikweta haikuachwa. NuSTAR, darubini ya eksirei iliyorushwa tarehe 13 Juni 2012, inazunguka kwa mwinamo wa nyuzi 6, kwa hiyo nayo hupita juu ya Mara. Ilitengenezwa kwa ajili ya mashimo meusi, lakini mwaka 2014 ililielekea jua. Inatafuta milipuko midogo mno ambayo huenda ndiyo inayoipasha moto korona, yaani angahewa ya nje ya jua, hadi nyuzi milioni na zaidi, wakati uso wa jua lenyewe una nyuzi 5,500 tu za Selsiasi. Swali hilo halijajibiwa, na Parker, chombo kilicholikaribia jua hadi kilomita milioni 6.1 tarehe 24 Desemba 2024, kinalitafutia jibu kwa njia nyingine.

NuSTAR hushusha hesabu zake Malindi. Ndivyo ifanyavyo pia IXPE, iliyorushwa tarehe 9 Desemba 2021 na kuwekwa karibu kabisa juu ya ikweta. IXPE hupima jinsi mawimbi ya eksirei yanavyoelemea upande mmoja, na mwaka 2022 iligeuzwa kuitazama Centaurus X-3. Nadharia zilitarajia uelemeo mkubwa sana. Kilichopatikana ni asilimia 6 hivi, na sasa watu wanayaandika upya maelezo ya namna nuru inavyotoka juu ya nyota ile.

Hesabu hizo zimewekwa wazi kwa yeyote mwenye kompyuta na intaneti. Mwanafunzi wa Mugumu akilifungua faili la Centaurus X-3 hatakuta picha ya kupendeza. Atakuta safu ndefu za namba: kila chembe imefika saa ngapi, na nishati gani, imeelemea wapi. Itambidi kwanza aondoe kelele. Kisha autafute mdundo wa sekunde 4.8, na akiupata, aulize kwa nini haulingani kabisa na ule wa 1971.