Juu ya Insha za Kiingereza za Watoto Wetu

Katika nyumba nyingi za Mbeya na Iringa yuko mtoto wa kidato cha pili au cha nne anayejiandaa kwa mtihani wa Kiingereza. Mtihani huo, utungwao na Baraza la Mitihani la Tanzania, humtaka mwanafunzi ajue pia kutunga. Na insha imtishayo kuliko nyingine ni ile ya kueleza kitu kilivyo: mahali, mtu, au siku fulani. Leo twataka kuipima insha hiyo, tuone uzuri wake na ila zake.

Tulikuwa na fungu la insha zilizoandikwa darasani juu ya siku ya mvua. Tulistaajabu kuona kwamba nyingi zilianza kwa sentensi moja, kana kwamba watoto wote walilala kitanda kimoja wakaamka pamoja. Mmoja, ambaye kwao ni chini ya Mlima Rungwe, penye migomba na mashamba ya chai, alieleza theluji ikifunika mapaa ya nyumba. Hakuiona kamwe. Aliikuta katika kitabu cha mifano, akaikariri.

Ila ya pili ni kurundika sifa. Neno ‘beautiful’ lilitumika kwa mlima, kwa mvua, kwa bibi na kwa ng'ombe. Sifa itumikayo kwa vitu vyote haisifu hata kimoja.

Ila ya tatu ni kufasiri neno kwa neno. Sisi twasema nyeupe pe, nyeusi ti, kimya jii. Mtoto akikosa vineno hivyo katika Kiingereza, huandika ‘very very white’. Lakini Mwingereza hufika pale kwa njia nyingine: hulinganisha kitu na kitu, au huchagua kitendo chenye nguvu. Mtoto wetu ajua vema kwamba kunyata si kuchechemea, wala kuchechemea si kujikongoja. Lakini katika Kiingereza chake watu wote huenda kwa ‘walk’ tu. Akili haikupungua, ila maneno. Kwa kawaida alifundishwa kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, kisha akaingia sekondari, ambako masomo karibu yote ni ya Kiingereza. Basi tusimcheke.

Insha moja ilitusimamisha. Binti mmoja alieleza jinsi mvua ya Novemba ilivyomkuta yeye na mama yake njiani, wakitoka kununua mbolea ya mahindi. Hakusema kwamba mvua ilikuwa kubwa, wala kwamba mama yake ni maskini. Alisema kwamba mama alivua kitenge cha mabegani akaufunika mfuko wa mbolea, akaenda amelowa mpaka nyumbani; na alipofika aliupapasa mfuko kwanza, ndipo akaomba nguo kavu. Twajua thamani ya mfuko ule bila kutajiwa bei.

Kiingereza chake kilikuwa na makosa: nyakati za vitenzi zilichanganyika, na herufi zilikosewa. Alipewa alama chache kuliko yule wa theluji. Na waliosahihisha ni sisi wenyewe. Twakiri kwamba tulihesabu makosa, tusiyahesabu aliyoyaona. Hatusemi sarufi idharauliwe, kwa maana mtihani hauisamehe, na si haki kumdanganya mtoto. Lakini makosa ya sarufi hupungua kwa mazoezi; mtoto aliyezoea kuandika asichokiona, nani atamrudishia macho yake?

Basi twashauri hivi. Mwanafunzi achague mahali padogo: si mji wote wa Iringa, bali mlango mmoja wa soko, si Mlima Loleza wote, bali ukungu ushukavyo juu ya mapaa ya Mbeya. Afuate utaratibu mmoja, kutoka mbali kuja karibu, au tangu asubuhi hata jioni. Asitumie macho pekee. Aseme moshi ulivyonuka na mabati yalivyolia. Kisha atafute kitendo cha Kiingereza kilicho sawasawa, akiandike katika daftari asije akakisahau. Mwisho asome tena tangu mwanzo, akiangalia nyakati za vitenzi.

Nanyi wazazi, msiseme kazi hii si yenu kwa kuwa hamjui Kiingereza. Mtoto arudipo kutoka mnadani, mwulizeni ameona nini, naye aeleze kwa Kinyakyusa, kwa Kihehe au kwa Kiswahili. Akisema, “Nimeona watu wengi,” mwulizeni aliyekuwa mbele yake ni nani, na alishika nini mkononi. Hiyo ni nusu ya insha, nayo haihitaji kitabu. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa.

Binti yule tulimwita, tukamtaka radhi, tukakaa naye tukizisahihisha nyakati za vitenzi kimoja kimoja. Habari ya kitenge hatukuigusa.