Mchungaji Hana Kufu?

Katika mlango wa kufu, Minhaj ya Imamu Nawawi (aliyefariki 676 Hijria) humweka mchungaji pamoja na mfagiaji na mpiga chuku: si kufu wa binti wa mshonaji. Baadhi yetu huisomesha ibara hii kana kwamba ni aya. Hebu ipelekeni Ntobeye, Ngara! Huko, tangu enzi za machifu, mwenye fimbo ya ng'ombe alitazamwa juu ya mwenye jembe.

Washereheshaji waliijua hadithi ya Bukhari kwamba hakuna Nabii ila alichunga kondoo. Wakajibu kuwa udhalili huo ulikuja baadaye, kwa mazoea ya watu. Basi walii wa Ntobeye anayerudisha posa ya mchungaji mcha Mungu kwa ibara hiyo, anahukumu kwa ada ya mji gani?